Usimpe mdogo wako baiskeli unayoiogopa

Jamani, kuna jambo limenikaa rohoni karibu miaka miwili, na leo nimeamua kulitoa. Linahusu baiskeli. Najua wengi wenu mkisikia baiskeli mnamfikiria muuza maziwa au yule jamaa wa mayai na vitunguu kwenye chungu cha plastiki, lakini nivumilieni kidogo. Habari yenyewe inatugusa wote tuliosoma, tukapata vijimshahara vya mjini, halafu tukawa tunarudi nyumbani Desemba tukijiona wafadhili.

Nianze na Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika pale kwa jirani zetu Rwanda, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Chumba chetu cha habari, ambacho kwa kawaida hugombana kuhusu Simba na Yanga, kwa wiki nzima kiligeuka kijiwe cha baiskeli. Jumapili ya tarehe 28 Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume. Kilomita 267 na ushei, vilima juu ya vilima, ukijumlisha miinuko yote waliyopanda inazidi mita 5,400. Walioanza walizidi 160. Unajua waliomaliza ni wangapi? 30 tu.

Basi mjadala ukawaka. Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo akasema, "Sisi tatizo letu ni vifaa tu. Mchukue Msukuma anayebeba magunia ya mkaa kwenye Phoenix, mpe ile ya kaboni ya kilo saba, halafu uone." Kila mtu akaitikia. Eti kweli, vipaji tunavyo, tunakosa baiskeli tu!

Mimi nilinyamaza. Wenzangu wanajua mimi si mtu wa kunyamaza, hata mmoja akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilinyamaza kwa sababu jaribio lile nilishalifanya. Nilishachukua baiskeli ya kaboni nikampa kijana mwenye miguu ya chuma. Huyo si Msukuma, ni Mkurya mwenzangu, mtoto wa baba mdogo, kule kwetu Kewanja. Na nusura nimuue.

Kewanja ni kijiji cha Nyamongo, wilaya ya Tarime, kando kabisa ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukitoka nje ya nyumba zetu unaona vilima ambavyo havikuumbwa na Mungu, ni mawe ya kifusi yaliyotolewa shimoni tangu mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2002. Mkisoma Nyamongo gazetini huwa ni dhahabu, vurugu, fidia au maji ya Mto Tigithe. Nami habari hizo nimeziandika. Lakini ukishaweka dhahabu pembeni, watu wa kwetu wanaishi kama watu wengine wa vijijini. Wanalima, wanafuga, na wanaendesha baiskeli. Na hakuna gazeti linalotuma mwandishi kuandika habari ya baiskeli ya Kewanja, labda iwe imegongwa na gari.

Sasa nije kwenye baiskeli yangu.

Miaka michache iliyopita nilijiunga na kikundi cha wapanda baiskeli hapa Dar. Tunaamka saa kumi alfajiri siku za Jumamosi, tunaitafuta barabara ya Bagamoyo kabla malori na daladala hayajaamka, halafu jua likichomoza tunarudi kunywa supu na kusimulia uongo kuhusu mwendo kasi. Nilianza na baiskeli ya alumini ya mtumba. Baadaye, kama ilivyo ada ya vikundi, nikaanza kuwaonea wivu wenye kaboni. Nikajinyima mwaka mzima, nikanunua yangu kwa jamaa aliyeileta kutoka Ulaya. Ilikuwa ya mtumba, lakini ng'aa ng'aa! Nyeusi tii, kilo nane hivi. Nilikuwa nainyanyua kwa vidole viwili kuwaonyesha wageni.

Kwa msiojua, nieleze kidogo. Kaboni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Zinalazwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu pamoja na gundi ngumu aina ya epoksi, kisha zinapashwa moto na kubanwa mpaka zinakuwa kitu kimoja. Uzuri wake ni kwamba mtengenezaji anaweza kuamua nyuzi zielekee wapi. Pale panapobeba nguvu anaongeza tabaka, pale pasipobeba anapunguza. Ndiyo maana fremu nzima inaweza kuwa nyepesi kuliko kilo moja ya sukari na bado ikakubeba wewe na kitambi chako. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France akiwa na fremu ya kaboni ya kampuni ya Look ya Ufaransa, na baada ya hapo chuma kikaanza kuaga taratibu kwenye mashindano makubwa. Wepesi ukakimbizwa mpaka chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kikaweka mpaka. Tangu mwaka 2000 baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8.

Je, wepesi unasaidia? Unasaidia, lakini si kama tunavyodhani. Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo, na upepo haujali baiskeli yako ina kilo ngapi. Wepesi unalipa kwenye mlima. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 75. Ukipunguza kilo moja umepunguza kama asilimia 1.3 ya mzigo. Kwenye mlima wa dakika 40 umeokoa nusu dakika hivi. Kwa Pogačar nusu dakika ni dhahabu. Kwa mwandishi wa habari anayewahi supu, nusu dakika ni nini?

Lakini tusidanganyane, raha yake ipo. Mara ya kwanza kuipanda nilihisi kama kuna mtu ananisukuma mgongoni. Ukikanyaga pedali, nguvu haipotei njiani, baiskeli inaruka. Chuma chepesi kinanesa, kaboni inajibu. Nilirudi nyumbani siku ile nikicheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Adha zake nazo zipo. Tairi ni nyembamba na zinajazwa upepo mpaka zinakuwa ngumu kama jiwe, kokoto ikikosewa ni pancha. Valvu ya tyubu ni nyembamba, pampu ya fundi wa mtaani haiingii. Boti za kiti na usukani zinakazwa kwa spana maalumu inayopima nguvu, maana ukikaza kwa hasira kama ulivyozoea kwenye Phoenix unapasua bomba. Haina keria, haina kengele, haina madigadi. Na kuna jambo moja kubwa ambalo sikulielewa vizuri mpaka lilipokaribia kunitia msibani. Chuma kikiumia kinasema. Kinapinda, kinabonyea, unaona kwa macho. Kaboni ikiumia inaweza kunyamaza kimya. Tabaka za ndani zinaachana, juu rangi inang'aa vilevile, halafu siku moja, bila kukuaga, inakatika.

Oktoba 2023 bajaji ilinikatia mbele maeneo ya Mwenge. Mimi niliangukia kiwiko, baiskeli ikaangukia ukingo wa barabara kwa bomba la chini, karibu kabisa na pale foki inapoingia kwenye fremu. Nikaamka, nikamtukana yule bwana, naye akanitukana, tukaachana. Kwenye bomba niliona mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nikaufuta kwa mate. Wiki ile ile nikaubandikia stika ya kikundi chetu.

Ndiyo, niliibandika mwenyewe. Naomba mlikumbuke hilo.

Kuanzia hapo, kila nikishika breki ya mbele kwa nguvu, nilisikia kitu kikilia. Tik. Si kila mara. Nikajiambia ni vumbi. Nikajiambia ni bearingi. Fundi mmoja hapa mjini akaiangalia dakika mbili, akasema iko safi, akachukua hela yake. Sikumwonyesha palipo chini ya stika. Na bila kumwambia mtu, nikaanza kushuka daraja la juu polepole, mikono yote kwenye breki, wenzangu wananipita wakinizomea. Kwa maneno mengine, sikujua rasmi kwamba baiskeli ni mbovu, lakini mikono yangu ilishajua.

Desemba ikafika. Nikaifunga kwenye maboksi, nikaipakia kwenye basi la Tarime.

Kewanja walinipokea kama msafara wa harusi. Watoto waliizunguka. Shangazi yangu akainyanyua, akaishusha, akauliza kwa mshangao, "Sasa hii inabeba nini?" Nikamwambia haibebi kitu, inakimbia tu. Akanitazama kwa huruma. Baiskeli isiyobeba hata debe la maji, kwa akili ya nyumbani, ni kama ng'ombe asiyetoa maziwa wala kulima.

Mdogo wangu hakucheka. Yeye alikuwa na miaka 19, kila siku alikuwa anapeleka maziwa na Phoenix ya marehemu baba yake, baiskeli yenye uzito zaidi ya mara mbili ya yangu hata kabla hujapakia madumu. Alfajiri iliyofuata akaniomba aijaribu. Viatu vyangu vyenye kufungia pedali havikumtosha, akapanda na kandambili. Naapa kwamba kile kilima kinachotoka upande wa mto, ambacho mimi hukipanda nikihema kama mbuzi wa Krismasi, alikipanda akiwa amekaa, mdomo umefungwa. Alipofika juu aligeuka akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Siku tatu tuliendesha kwa zamu. Pancha nne, miiba ya mgunga yote ile. Tyubu za akiba zikaisha na Nyamongo nzima hakuna duka lenye size hiyo, tukawa tunaziba kwa viraka vya pikipiki.

Siku ya nne jioni akaniambia, "Kaka, niachie hii. Nifanye mazoezi, mwakani nikajaribu mbio za Mwanza."

Nikakubali palepale. Ukoo mzima ukanisifu. Mama akasema Mungu ataniongezea. Nami nikazipokea sifa, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mbunge aliyekabidhi madawati.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu naijua. Nilikuwa nampa kwa sababu nampenda, kweli. Lakini nilikuwa nampa pia kwa sababu mimi mwenyewe nilishaacha kuiamini. Nilitaka kuachana nayo bila kukiri hasara ya hela zangu. Kuiuza Dar ningebanwa na maswali. Kumpa mdogo wangu hakuna aliyeuliza swali. Aliyepewa huwa anasema asante.

Asubuhi tukaipeleka kwa fundi, mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mwembe tangu mimi sijazaliwa, ili ainue kiti na kuifunga keria ya kuazima. Hakuwahi kuishika baiskeli ya namna ile. Akaigusa, akauliza, "Hii ni plastiki?" Nikaanza kumhutubia kuhusu nyuzi na epoksi. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wa mjini hawakulifanya. Akakunja kidole, akaanza kuigonga. Ko, ko, ko. Bomba la juu, bomba la nyuma, foki. Mnaokulia mjini labda hamjui, lakini mama zetu wakinunua chungu mnadani hawakinunui kwa macho. Wanakigonga, wanasikiliza. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa.

Alipofika kwenye stika yangu, baiskeli ilikohoa.

Akarudia. Juu ya stika, sauti kavu. Juu kwenye stika, sauti imezama. Akaniangalia. "Mura, hapa pana nini?"

Nikamwambia pana stika, mzee.

"Chini ya stika?"

Akaibandua kwa kucha. Mkwaruzo wangu wa Oktoba ulikuwa umeota miguu. Mstari mwembamba kama unywele ulizunguka bomba karibu nusu, na alipobonyeza kwa dole gumba palinesa. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepanga kwenda nayo Tarime, njia yenye miteremko na malori. Hakusema neno. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Mahakamani ningeshinda.

Mchana ule niliazima msumeno wa chuma, nikaikata ile fremu vipande viwili, ili asitokee mtu mwingine wa kubandika stika nyingine. Ilikatika kwa urahisi wa ajabu, ikitoa vumbi jeusi. Fundi alitushauri tujifunge vitambaa puani, na alikuwa sahihi, vumbi la kaboni si la kuvuta. Ndani ya ule ufa nyuzi zilikuwa zimechanika kama kamba ya katani iliyozeeka. Magurudumu, gia na usukani tuliviuza kwa wapanda baiskeli wa hapa Dar, nikaongeza kidogo, tukampatia mdogo wangu baiskeli ya mashindano ya chuma, ya zamani, kilo kumi na kitu. Yule mzee aliigonga bomba kwa bomba kabla ya kutoa kibali.

Sasa mnielewe. Sisemi kaboni ni mbaya. Fremu ya kaboni iliyotunzwa inaweza kudumu miaka mingi, haishiki kutu, na wapo mafundi waliosomea wanaoweza kuitengeneza hata ikipasuka. Wala sisemi vijana wa vijijini wabaki na Phoenix zao sisi tukiruka na Pogačar. Ninachosema ni kwamba baiskeli ya namna hii haitembei peke yake. Inatembea na fundi, na spea, na spana ya kupimia, na mtu anayekuambia ukweli wa historia yake. Ukimpa mtu fremu bila hivyo vingine umempa nusu ya kitu, na ile nusu uliyobaki nayo ndiyo usalama wake.

Watazameni waliofanikiwa. Kenya mnamkumbuka Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Alizaliwa Nairobi, na utoto wake wa baiskeli ulipikwa na David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Watu husimulia kama hadithi ya kipaji. Mimi naisoma kama hadithi ya karakana. Kinjah alikuwa mkimbiaji na fundi kwa pamoja, nyumba yake ya mabati imejaa magurudumu na minyororo, na vijana wake wa Safari Simbaz wanajifunza kuitengeneza baiskeli kama wanavyojifunza kuiendesha. Mwaka 2006 Froome na Kinjah waliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne.

Au wale Wakenya wawili wa 2008. Mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua Zakayo Nderi, aliyekuwa mng'arisha viatu, na Samwel Mwangi, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli, akawapeleka Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima wa kilomita karibu 14 wenye kona 21. Nderi alitumia dakika 42 hivi, muda ambao mtaalamu wa kulipwa asingeuonea aibu. Hapo ndipo wenzangu wa chumba cha habari wangepiga makofi, "Si tulisema? Vifaa tu!" Lakini mlima mmoja, peke yako na saa, si mbio. Mbio ni kukaa katikati ya watu 150 bega kwa bega, kushuka kona za mvua, kujua lini ukae na lini uondoke. Hayo baiskeli haikufundishi. Ndiyo maana kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kambi, kule Iten, na mazoezi ya siku hadi siku.

Na Rwanda yenyewe iliyotuita Kigali. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Ritchey, muunda baiskeli, alifika kule, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambayo hata baiskeli za mbao za wakulima zilikuwemo. Mwaka uliofuata timu ikaanza kuundwa. Baadaye ikapata kituo chake Musanze, na vijana wa Kinyarwanda wakafundishwa ufundi, si kuendesha tu. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akabeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London na kushindana kwa baiskeli ya milimani. Kutoka baiskeli za mbao mpaka kuandaa mashindano ya dunia ni miaka 19. Katika miaka hiyo yote, yuko mtu ambaye kila jioni alikuwa anaosha minyororo, anapima boti, anagonga fremu. Jina lake halitoki gazetini.

Eritrea wala tusiwaguse. Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Lakini kule Asmara baiskeli ni kama mpira kwetu, kuna mbio, kuna mafundi, kuna wazee wanaojua. Mtoto anakuta nyumba imeshajengwa.

Kwetu tunapenda kuruka hatua hiyo. Tunapenda makabidhiano. Picha, tabasamu, kijana ameshika usukani, mfadhili ameshika kiti, na mimi mwandishi naandika maneno 300 na kichwa cha habari "Vijana wapatiwa baiskeli za kisasa". Nimeshaandika habari za namna hiyo, za baiskeli na za kompyuta na za mashine za hospitali. Sikumbuki hata mara moja kuuliza, fundi wake ni nani? Spea zitatoka wapi? Hiki kitu kilikuwa cha nani, na kwa nini amekiacha?

Hilo la mwisho ndilo swali langu kubwa. Kwa nini amekiacha? Huko Ulaya mtu akianguka na kaboni, mtu makini huipeleka ikapimwe, asiye makini huiuza. Baiskeli nyingi za kaboni tunazozipata huku ni za mtumba. Nyingi ni nzima kabisa, ziliachwa kwa sababu mwenyewe ametaka mpya. Lakini baadhi zina stika. Na stika haziishii bandarini. Nyingine tunazibandika wenyewe, Mwenge, kwa mate.

Kwa hiyo mimi napendekeza mambo ya kawaida tu. Mosi, ukinunua kaboni ya mtumba, bandua stika zote, vuta foki nje uitazame, igonge kila sehemu kwa sarafu na usikilize. Mlio si kipimo cha mwisho, ufa mwingine hausikiki, lakini ukisikia kikohozi usipande. Pili, ukiiuza au kuitoa, sema imeanguka wapi. Tatu, vikundi vyetu vya mjini vyenye hela ya supu kila Jumamosi vichange kumsomesha walau fundi mmoja wa kanda, kisha yeye afundishe wengine. VETA zipo, vijana wanaojua kuchomelea wapo, Nyamongo kwa sababu ya mgodi wamejaa. Mtu anayeweza kuunga chuma cha mtambo hawezi kushindwa kujifunza spana ya baiskeli. Na nne, kijana anayeanza mpeni chuma au alumini nzima kabla ya kaboni ya mashaka. Kilo mbili zaidi hazijaua mtu mlimani. Zilizoua ni kwenye mteremko.

Mdogo wangu bado anapeleka maziwa. Mbio za Mwanza hakwenda mwaka ule, fremu yake mpya ilichelewa na mvua za masika zikaharibu ratiba. Anafanya mazoezi jioni. Kila nikienda nampelekea pedi za breki na tyubu, na kila mara huzipokea kwa mikono miwili, anasema asante kaka. Halafu, mbele yangu, anazifungua na kuzikagua moja moja dhidi ya mwanga wa jua.

Zamani hakuwa anakagua ninachompa. Sijamuuliza kwa nini ameanza.

Nyinyi je, mmeshawahi kumpa mtu kitu mlichokiogopa? Tujadiliane bila kuoneana haya. Alamsiki.